Shahidi Asiyelazimishwa: Joto, Shinikizo na Ukweli wa Tangawizi ya Upare

Kitu kinapobanwa ili kijieleze, maelezo yanayotoka ni ya kitu chenyewe au ni ya ule mbano? Swali hili ni la kale katika falsafa ya maarifa, na wanafalsafa wakubwa wamelipitia kwa njia tofauti. Francis Bacon, katika kitabu chake Novum Organum cha mwaka 1620, alishikilia kwamba maumbile hufichua siri zake upesi zaidi yanaposumbuliwa na ufundi wa binadamu kuliko yanapoachwa yaende yatakavyo. Immanuel Kant, katika dibaji ya toleo la mwaka 1787 la uhakiki wake wa akili safi, alimfananisha mtafiti na hakimu aliye mbele ya mashahidi, ambaye hangoji waseme wanalotaka bali huwataka wajibu alilouliza. Mfano wa hakimu una nguvu, lakini unabeba mzigo ambao kila mahakama inaujua, nao ni kwamba shahidi aliyelazimishwa husema mengi, na baadhi ya anayoyasema hayakuwapo kabla hajalazimishwa.

Jambo hili, ambalo kwa kawaida hujadiliwa kwa maneno matupu, lina sura inayopimika katika kromatografia ya gesi, yaani njia ya maabara ya kutenganisha mchanganyiko wa kemikali kwa kuugeuza kuwa mvuke na kuupitisha, ukisukumwa na gesi, ndani ya mrija mrefu na mwembamba. Kwa watu wa Upare mfano wake wa karibu ni tangawizi, zao linalostawi katika nyanda za juu zenye unyevu za wilaya ya Same, hasa Mamba Miamba na vijiji jirani, na ambalo thamani yake sokoni inategemea mambo mawili yanayokaa ndani ya tunguu moja: harufu na ukali. Harufu hutokana na mafuta mepesi yanayoruka hewani, kama zinjibereni, ambayo ina atomi 15 za kaboni, na kamfini, ambayo ina 10. Ukali wa tangawizi mbichi hutokana zaidi na jinjeroli, kemikali nzito isiyopenda kuwa mvuke. Mwenye kutaka kujua tangawizi fulani ina nini, awe mnunuzi, mwenye kiwanda au mkaguzi wa viwango, huitazamia maabara imjibu juu ya yote mawili, na hapo ndipo ugumu unapoanzia.

Wazo la kutumia gesi kama kibebaji lilidokezwa na Archer Martin na Richard Synge mwaka 1941, na Martin akalitimiza pamoja na Anthony James mwaka 1952. Mrija unaotumika sana leo, unaoitwa kolamu, una urefu wa mita 30 na kipenyo cha ndani cha robo ya milimita, na ukuta wake wa ndani umepakwa utando wa kimiminika kizito wenye unene wa robo ya maikromita, yaani robo ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Sampuli huingizwa katika chumba kidogo chenye moto, ambacho mara nyingi huwa na nyuzi 250 za Selsiasi, ikageuka mvuke, na gesi kama heliamu au hidrojeni ikaubeba mvuke huo ndani ya kolamu iliyomo katika tanuri. Kila molekuli husafiri inapokuwa katika gesi na husimama inapozama katika utando, kisha hutoka tena na kuendelea, mara nyingi sana kabla ya kufika mwisho. Aina inayopenda utando zaidi huchelewa, isiyoupenda huwahi, na kitambuzi kilichoko mwishoni huchora kilele kila kundi linapofika. Muda kutoka kuingizwa hadi kufika huitwa muda wa kukaa, na kwa kuutazama muda huo mkemia husema: hii ni zinjibereni, hii ni kamfini.

Muda huo, hata hivyo, haumilikiwi na kemikali peke yake. Tanuri likiongezwa joto, molekuli hutoka katika utando kwa urahisi zaidi na kuwahi. Gesi ikisukumwa kwa shinikizo kubwa zaidi, ambalo vitabu vya fizikia vya shule huliita kanieneo, kila kitu huwahi. Tena mambo haya mawili hayatengani, kwa sababu mnato wa gesi, tofauti na ule wa mafuta au asali, huongezeka gesi inapopata joto. Tanuri likipandishwa kutoka nyuzi 50 hadi 250 huku shinikizo la mwanzo wa kolamu likiachwa vilevile, mtiririko wa heliamu hupungua hadi chini ya nusu ya ulivyokuwa. Wapare wanaijua hali inayofanana na hii kupitia ndiva, bwawa la asili la umwagiliaji kama lile la Manoo huko Bangalala, ambalo hukusanya maji usiku na kufunguliwa mchana ili yaende mifereji kwa zamu: kadiri maji yanavyoshuka ndani ya ndiva ndivyo msukumo kwenye tundu la kutolea unavyodhoofika, kwa hiyo saa moja ya mwenye zamu ya kwanza na saa moja ya mwenye zamu ya mwisho hazibebi maji sawa, ingawa zote ni saa moja. Muda uliohesabiwa bila kutaja msukumo hausemi kitu kamili, kwenye mfereji na kwenye kolamu pia.

Tangu miaka ya 1990, vidhibiti vya kielektroniki vimeuweka msukumo huo mikononi mwa mpimaji. Anaweza kukiamuru chombo kipandishe shinikizo polepole sambamba na joto ili mtiririko ubaki uleule, au anaweza kuupanga mtiririko wenyewe, ukaanza taratibu wakati vitu vyepesi vinapotengana na kuongezwa kwa hatua ili vizito visichelewe mno. Huu ndio upangaji wa shinikizo na mtiririko. Kwa juu ni suala la ufundi tu, la kuokoa dakika. Ukitazamwa kwa makini ni uchaguzi wa namna ya kumhoji shahidi, kwa kuwa zipo njia mbili za kuharakisha safari ya kitu kizito, kukichoma au kukisukuma, na njia hizo hazikiachi kitu katika hali moja.

Jinjeroli inaonyesha tofauti hiyo waziwazi kuliko hoja yoyote ya kufikirika. Inapokutana na moto wa chumba cha kuingizia sampuli, molekuli yake hukatika, na kutoka katika jinjeroli iliyo nyingi kuliko zote katika tangawizi hupatikana vitu viwili vipya: zinjeroni, yenye ladha laini na tamu zaidi, na heksanali, kemikali nyepesi yenye harufu ya majani mabichi. Vyote viwili husafiri vizuri katika kolamu, hufika kwa wakati wao, na huchorwa vilele vyao kwa unadhifu. Karatasi inayotoka haina doa. Inasema kwamba zinjeroni imo, na kusema kweli imo, ndani ya chombo; lakini katika tunguu lililong'olewa Mamba huenda haikuwapo kabisa au ilikuwapo kidogo mno. Mashine haikukosea hesabu wala haikusema uongo kwa maana ya kawaida, maana iliripoti kilichofika. Kilichofika ndicho kilichotengenezwa na swali.

Ifahamike kwamba jikoni nako hutokea mageuzi ya namna hii, kwani tangawizi iliyochemshwa ndani ya chai huzalisha zinjeroni, na ile iliyokaushwa hupata shogaoli, ambayo ni kali kuliko jinjeroli iliyoizaa. Hakuna ubaya katika mageuzi hayo, kwa kuwa mpishi hadai kwamba anatoa ushahidi. Ubaya huingia pale matokeo ya moto yanapowekwa kwenye cheti kama maelezo ya kitu kilivyokuwa kabla ya moto. Sheria za binadamu zimeliona hilo zamani. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967 hutaka ungamo linalopokelewa liwe limetolewa kwa hiari, na mafakihi wa Kiislamu, katika mlango wa kukiri kosa, wameweka sharti kwamba anayekiri asiwe amelazimishwa. Sababu ya masharti haya si huruma pekee, ingawa huruma imo. Ni kwamba nguvu huzalisha maneno, na maneno yaliyozalishwa na nguvu hayatofautiani kwa umbo na maneno ya kweli. Kilele cha zinjeroni iliyozaliwa ndani ya chombo na kilele cha zinjeroni iliyokuwamo tangu shambani ni kilele kimoja.

Hapa ndipo upangaji wa mtiririko unapopata uzito wa kimaadili, kwa sababu unatoa njia ya kupunguza moto. Muda wa kukaa hupungua kwa nusu takriban kila joto la kolamu linapoongezwa nyuzi 15 hadi 20, na hupungua kwa nusu vilevile mtiririko unapoongezwa maradufu. Anayeuongeza mtiririko mara nne anaweza basi kukitoa kitu kilekile, kwa muda uleule, kwenye joto la chini kwa nyuzi 30 au 40, na kwa molekuli dhaifu tofauti hiyo inaweza kuamua kama itafika nzima au vipande. Katika chumba cha kuingizia sampuli, ambako moto ni mkali zaidi, shinikizo likipandishwa kwa muda mfupi mara tu baada ya sampuli kuingia huufagia mvuke kwenda kwenye kolamu kabla haujakaa sana penye moto, kisha hushushwa ili safari iendelee kwa utulivu.

Ingekuwa rahisi kumaliza kwa kusema kwamba msukumo ni mpole na moto ni mkatili, lakini kusema hivyo kungekuwa kudanganya. Mwaka 1956 van Deemter na wenzake walionyesha kwamba kila kolamu ina kasi ya gesi iliyo bora kwake: chini ya kasi hiyo molekuli za aina moja hutawanyika zenyewe kwa kukaa sana njiani, na juu yake hazipati nafasi ya kutosha ya kuingia na kutoka katika utando, hivyo majirani wawili wanaokaribiana hufika wakiwa wamechanganyika. Anayesukuma sana ili asiunguze hupata jibu lisilounguzwa lakini lenye ukungu. Anayesukuma kidogo kwa joto la chini hungoja hadi kilele kinapanuka na kuwa kilima kisichosomeka. Hakuna mahali pa kusimama ambapo swali halimgusi anayeulizwa hata kidogo. Wajibu wa mpimaji ni kuichagua hali inayogusa kidogo kuliko nyingine na bado inaleta jibu, na kwa baadhi ya vitu hali hiyo haimo katika chombo hiki kabisa. Jinjeroli ni mojawapo: wapimaji makini huibadilisha kwanza kikemia ili iruke bila kukatika, au huipeleka kwenye kromatografia ya kimiminika, ambayo haihitaji mvuke wala moto. Kumwondoa shahidi mahali pasipomfaa ni sehemu ya kazi ya haki.

Kutoka hapa wengine hufika haraka kwenye hitimisho jingine, kwamba kama jibu hutegemea masharti ya swali basi hakuna ukweli wa kitu, bali kuna makubaliano ya wapimaji tu. Hoja hii inavutia, na katika nchi ambazo sayansi iliingia ikiwa imeshikana mikono na utawala wa kigeni ina mvuto wa ziada unaoeleweka. Lakini haishindi. Mwaka 1958 Ervin Kováts alipendekeza kwamba muda wa kukaa usitajwe peke yake, bali kitu kipewe nafasi kati ya alkani, yaani mfululizo wa kemikali za kaboni na hidrojeni zinazopangwa kwa idadi ya kaboni zao, ambazo husafirishwa katika kolamu hiyohiyo kwa masharti hayohayo. Alkani yenye kaboni 14 hupewa 1400, yenye 15 hupewa 1500, na zinjibereni, katika kolamu zisizo na nguvu za uvutano wa kiumeme, huangukia karibu na 1495. Mtiririko ukiongezwa, zinjibereni huwahi na alkani nazo huwahi, na nafasi hiyo hubaki karibu palepale. Mpimaji wa Arusha na mpimaji wa Lausanne, wenye mirija yenye urefu tofauti na gesi tofauti, huipata namba inayokaribiana. Kuna kitu ambacho masharti hayakukitengeneza, nacho huonekana pale masharti yanapobadilishwa kwa makusudi na hicho kikakataa kubadilika. Ni kweli pia kwamba joto la kutokea likishuka sana jozi fulani za majirani huweza kubadilishana nafasi, kwa sababu kila kemikali huitikia joto kwa namna yake. Hata hilo ni taarifa juu ya kitu chenyewe, kwa kuwa mpimaji hawezi kuamuru nani ampite nani.

Kwa tangawizi, kosa la kukichukua kilichozaliwa na moto kuwa ndicho kilichokuwamo tangu awali huharibu bei na sifa. Kwa viuatilifu huweza kumharibia mtu jina. Kati ya mwaka 1955 na 1959 nyumba za Upare na Taveta zilipuliziwa dieldrini katika mradi mkubwa wa majaribio ya kudhibiti malaria, nao ugonjwa ulipungua sana kabla ya kurudi hatua kwa hatua upuliziaji ulipokoma. Dieldrini ina ndugu aitwaye endrini, mwenye atomi zilezile kwa idadi ileile, ila zimepangwa kwa mkao tofauti. Dieldrini hupita kwenye chumba chenye moto bila kudhurika, ilhali endrini hubadilika na kuwa vitu vingine. Kanuni yao ya kemikali ni moja, na anayesoma kanuni hiyo tu asingetarajia kwamba mmoja anaweza kuhojiwa kwa moto na mwingine hawezi. DDT nayo, ikigusa chumba cha kuingizia kilichochafuka, hugeuka DDE na DDD, na hapa tatizo linafika kilele chake, kwa sababu DDT iliyokaa ardhini miaka mingi hugeuka vitu hivyohivyo. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoupima udongo wa shamba la Vikuge huko Kibaha, ambako viuatilifu vilivyochakaa viliachwa, walikuta DDT pamoja na mazao yake. Katika kazi za aina hiyo uwiano wa DDT na DDE husomwa kama umri: DDE ikiwa nyingi, sumu ni ya zamani, DDT ikiwa nyingi, kuna mtu ameimwaga karibuni. Chombo kichafu huizeesha sumu kwa sekunde chache, na kumpa aliyeimwaga juzi ushahidi kwamba ni mabaki ya enzi za babu zake.

Jamii za Upare wa Kusini, Waadventista ambao utume wao ulianzia Giti mwaka 1903, Walutheri, Wakatoliki na Waislamu, zinakubaliana kwamba kumshuhudia jirani uongo ni dhambi, na kwa kawaida amri hiyo hufahamika kuwa inahusu moyo wa msemaji. Lakini ushahidi unaopitia chombo hauna moyo wa kuuchunguza. Mapokeo ya Kiislamu ya mahakama yana utaratibu unaofaa zaidi hapa, uitwao tazkia, ambao kwao kadhi huuliza kwanza habari za uadilifu wa shahidi kabla ya kuupokea ushahidi wake. Maabara nazo zina tazkia yake: kabla ya kupima udongo au mboga, mpimaji huingiza DDT safi na endrini safi, ambazo anajua kwa yakini hazijavunjika, akatazama ni kiasi gani kinafika kikiwa vipande, na taratibu za Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani hudai kazi isimame na chombo kirekebishwe ikiwa kiasi hicho kimezidi asilimia 15 kwa mojawapo. Shahidi hupimwa kwa jambo ambalo hakimu tayari analijua, ndipo aaminiwe kwa lile asilolijua. Kuiruka hatua hii kwa sababu foleni ya sampuli ni ndefu ni kutoa ushahidi wa uongo, hata kama hakuna aliyekusudia kumdanganya mtu.

Mbali na shahidi na mpimaji anayemhoji, bado yupo mtu wa tatu, anayepokea cheti. Historia ya Same ina somo zito juu yake. Katikati ya miaka ya 1940 maelfu ya Wapare walikusanyika Same kupinga mbiru, kodi iliyotozwa kila mtu kwa kukadiria mali yake, tukio ambalo mwanahistoria Isaria Kimambo, mwenyewe Mpare, aliliandikia kitabu kilichotoka mwaka 1971. Kodi haikuwa ngeni kwao, kwani walikuwa wakiilipa kabla ya hapo. Kilichowakera zaidi kilikuwa makadirio, yaani namba aliyopewa mtu juu ya mali yake mwenyewe na watu ambao hakuweza kuwauliza wameipataje. Cheti cha maabara kinachomwambia mkulima wa Mamba kwamba tangawizi yake ni hafifu, au kwamba mboga zake zina sumu, bila kueleza joto la chumba cha kuingizia, mpango wa tanuri, gesi iliyotumika na mpango wa mtiririko wake, kinamweka mkulima huyo katika hali ileile ya kukadiriwa gizani. Mistari hiyo michache ya masharti, ambayo huchapwa kwa herufi ndogo au huachwa kabisa, ndiyo inayoiwezesha maabara nyingine kurudia swali kwa upole zaidi na kuona kama jibu litabaki lilelile. Mkulima mwenyewe huenda asiweze kuisoma, jambo ambalo haliwaondolei deni walioiandika. Linaliongeza, na linawafikia pia maofisa ugani na viongozi wa ushirika, ambao wana haki ya kukikataa cheti kisicho na masharti na kudai sampuli ya pili ipimwe kabla bei ya msimu haijapangwa.